Wavu wa kuopolea unapokuangusha: tafuta chanzo kabla ya kununua mwingine

Samaki amechoka, amelala ubavu, yuko mita moja na nusu kutoka miguuni pako. Unapeleka mkono mgongoni kuchukua wavu, wavu hauji: umenasa kwenye mkanda wa begi. Unauchomoa kwa nguvu, pete inayoshika mdomo wake inafunguka nusu. Unauzamisha, mkondo unaugeuza ndani nje. Samaki anapiga mkia mara moja, mshipi unalegea, na wewe umebaki na fimbo mkono mmoja na wavu mtupu mkono wa pili.

Wengi wetu tukirudi nyumbani tunanunua wavu mwingine, na mara nyingi mkubwa zaidi. Nimefanya hivyo mara tatu. Mara mbili kati ya hizo wavu wa kwanza haukuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeuchagua kwa kumfikiria samaki wa ndoto, huku miguu yangu ikitembea kilomita sita kando ya mto wenye vichaka na kingo za udongo zilizosimama wima. Anayevua kwa kutembea hubeba wavu saa nyingi na kuutumia sekunde chache. Kinachoamua wavu wake ni njia na ukingo, samaki anafuata nyuma.

Kwa hiyo, kabla ya kulaumu chombo, kumbuka shida ilianzia wapi. Ilianza njiani, wakati wa kuutoa, ukiwa umeshauzamisha, samaki akiwa ameingia, au nyumbani baada ya safari? Dalili moja inaweza kuwa na vyanzo viwili visivyohusiana hata kidogo, na dawa ya kimoja huzidisha kingine.

Wavu unanasa kila kichaka

Angalia kwanza ni kitu gani kinachonasa. Karibu kila mara ni mfuko wenyewe wa nyuzi, na pete wala mpini havina hatia. Mfuko unaoning'inia huokota miiba, vijiti na ndoana zilizochomekwa kwenye fulana. Hapo hakuna haja ya wavu mpya. Kunja mfuko kuzunguka pete, uufunge kwa mpira mwembamba uliofungwa kwenye mpini ili usidondoke, halafu ujaribu: ukiukung'uta mara moja kwa nguvu, mpira unapaswa kuachia wenyewe. Usipoachia, umebana mno. Kipande cha kitambaa cha kunatana kinafanya kazi hiyo hiyo, ila kikijaa mchanga hakinati tena.

Kama kinachonasa ni pete, kuna mambo mawili. Pete pana kuliko mabega yako itagonga kila shina unalopita, na hapo kweli unahitaji nyingine: ama ndogo, ama ya kukunjika. Lakini kama pete ni ya kawaida na bado inagonga, tazama unapoibeba. Wavu unaoning'inia kiunoni hupigana na nyasi, na ukiingia majini hadi mapajani mfuko wake unajaa maji na kukuvuta nyuma kama nanga. Upandishe katikati ya mabega, juu kiasi kwamba mkono wako unaufikia bila kujipinda.

Hapa niseme neno kuhusu sumaku. Kibanio cha sumaku, nusu moja kwenye fulana na nusu nyingine kwenye wavu, ni starehe kubwa: unavuta, unaachia, unarudisha bila kutazama. Sumaku hizi hustahimili sana zikivutwa moja kwa moja, lakini zikisukumwa kwa ubavu huteleza na kuachana kwa nguvu ndogo zaidi. Ndiyo maana wavu unaokaa imara ukiupima nyumbani hudondoka ukipenya kichakani: tawi haliuvuti, linausukuma upande. Dalili ikiwa "wavu umepotea njiani bila kujua", chanzo ni hicho, na tiba ni kamba ya usalama kati ya wavu na fulana.

Kamba hiyo isiwe mpira wa kuvutika. Wavu ukinasa tawini ukiwa umefungwa kwa mpira, wewe unaendelea kutembea, mpira unajinyoosha, tawi linaachia, na mpini wa mbao unakuja kasi kisogoni. Tumia kamba ya kawaida au ile iliyojisokota kama waya wa simu za zamani, ndefu kiasi cha kukuwezesha kunyoosha mkono wote. Na mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani asitumie sumaku hizi kabisa. Ndoano ya kawaida ya kufunga na kufungua inamtosha.

Wavu hauyafikii maji

Dalili hii inaonekana wazi, lakini watu huitibu vibaya. Wanainama zaidi, wanapiga magoti kwenye ukingo uliolika chini, mwisho wanaingia mtoni pamoja na udongo.

Pima ukingo. Chukua uzi, funga jiwe, uteremshe hadi usoni mwa maji, kisha upime uzi. Fanya hivyo sehemu nne au tano unazovua mara kwa mara, ukachukue kipimo kikubwa. Tuseme umepata mita 1.2. Ukiwa umechuchumaa, mkono wako uko kama nusu mita juu ya ardhi, kwa hiyo kutoka mkononi hadi majini kwenda chini ni mita 1.7. Samaki hatakuja kugusa ukingo, utampokea angalau mita moja mbele. Mstari wa mshazari kati ya hapo na mkono wako ni karibu mita 2. Ongeza sentimita 40 za pete itakayozama, na sentimita 30 za mpini zitakazobaki nyuma ya mkono ili ushike vizuri. Jumla ni mita 2.7, pete ikiwemo. Toa pete ya sentimita 45, unabaki na mpini wa mita 2.25. Sasa unajua kwa nini mpini wako wa mita 1.2 ulikuwa unakutesa.

Anayevua akiwa ndani ya maji hana hesabu hii. Mpini wa sentimita 20 hadi 30 unamtosha, maana samaki anamjia mkononi. Shida ni kwa anayefanya yote mawili kwa siku moja, na huyo ndiye wavu wa kubebeka ulitengenezwa kwa ajili yake: kichwa kimoja, yaani pete na mfuko wake, na mpini wa vipande vinavyoingiana kama antena ya redio.

Idadi ya vipande ina gharama yake. Mpini wa mita 2.4 wa vipande viwili ukifungwa unabaki na urefu wa zaidi ya mita 1.2. Wa vipande vitatu unashuka hadi karibu sentimita 90, wa vinne hadi karibu 70. Lakini kila kiungio ni mahali pa kuchezacheza, pa kuingia mchanga na pa kuvunjika. Kwa kutembea nachagua vitatu. Vinne nawaachia wanaosafiri kwa baiskeli au kwa begi dogo.

Na kuna jambo la uhai hapa. Mpini wa kaboni unapitisha umeme. Ukitembea chini ya nyaya za umeme, ufunge na uubebe ukiwa umelala; mawingu ya radi yakikusanyika, ulaze chini. Fimbo nayo vivyo hivyo.

Umefika majini, lakini mkondo unaupokonya

Hapa ndipo pana fundisho kubwa kuliko kwingine, kwa sababu nyavu nyingi za kuopolea huuzwa zikiwa zimefikiriwa kwa maji yaliyotulia.

Nguvu ya maji juu ya wavu huongezeka kwa mraba wa kasi. Mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, msukumo unaongezeka mara nne. Wavu uliokuwa mwepesi kama jani kwenye kidimbwi cha nyuma ya jiwe unakuwa mlango wa nyumba ukiusogeza hatua mbili hadi kwenye mkondo wenyewe. Kwa hiyo dalili ya "mpini unatetemeka, mkono unachoka, siwezi kuutuliza wavu" inaweza kutokana na matundu madogo mno, mfuko mrefu mno, au mahali uliposimama. Vyanzo hivi vitatu vinatofautishwa hivi.

Zamisha wavu mtupu kwenye maji yanayokwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Ukiushindwa hapo, kosa ni la wavu: kitambaa chake kimefumwa karibu mno kwa mto. Wavu wenye matundu madogo sana, ule laini kama chandarua, ni rafiki wa samaki mdogo lakini unazuia maji kama turubai. Kwa mto tafuta matundu unayoweza kupitisha ncha ya kidole kidogo, ama sehemu mbili: pembeni matundu makubwa yapitishe maji, chini matundu madogo yampokee samaki. Nyavu za namna hiyo zipo, na kwa maji ya kasi sijaona mpangilio bora.

Ukiumudu ukiwa mtupu lakini ukashindwa wakati wa samaki, kosa ni la mahali. Umesimama juu ya samaki, yaani yeye yuko chini ya mkondo, nawe unajaribu kumvuta apande huku mdomo wa wavu ukimtazama yeye. Maji yanaingia kwa nyuma ya mfuko na kuupitisha katikati ya pete, unageuka ndani nje kama soksi. Hakuna wavu duniani utakaokusaidia ukiwa hapo. Shuka kando ya mto hadi uwe usawa wa samaki au chini yake kidogo, mdomo wa wavu ukabili mkondo unakotoka, mfuko ujinyooshe wenyewe, kisha mwache samaki aje na maji. Kama kuna ghuba ndogo ya maji yaliyotulia kando ya mkondo, umalizie humo. Kuitafuta ghuba hiyo kabla ya kurusha mshipi ni bora kuliko kuitafuta samaki akiwa ameshika.

Mfuko unaoelea juu na kukataa kuzama una dawa ya zamani: weka kokoto laini ndani yake. Nyuzi kavu huwa na hewa, zikishalowa zinazama. Kwa hiyo lowesha wavu dakika chache kabla, usisubiri samaki awe tayari.

Samaki anakurupuka kila anapouona wavu

Chanzo hapa ni mkono, mara tisa kati ya kumi. Wavu unaomfuata samaki ni adui mpya kwake, naye bado ana nguvu ya mwisho aliyoiweka akiba. Uzamishe ukae kimya, umwinue kichwa kwa fimbo, umtelezeshe juu ya pete akitangulia kichwa. Samaki hana gia nzuri ya kurudi nyuma. Ukimchota kwa mkia anaruka mbele na kutoka. Ukimsukumia wavu kutokea mbele ya kichwa, pete inagonga mshipi na ndoana inachomoka.

Mara ile moja iliyobaki, kosa ni la wavu kweli. Pete inayong'aa juani hummulika samaki, na rangi ya kijani kibichi iliyokoza majini ni geni. Fremu nyeusi au ya kahawia isiyong'aa inatosha. Sijashawishika na madai kwamba rangi ya nyuzi inaleta tofauti kubwa.

Pete haimtoshi samaki

Samaki amelala juu ya mdomo wa wavu kama daraja, kichwa upande mmoja na mkia upande wa pili. Hapo pete ni ndogo kweli, lakini kuna kipimo cha kutosha bila kukimbilia ile mikubwa ya pembe tatu iliyoundwa kwa samaki wa mabwawani. Kanuni yangu: urefu wa ndani wa pete usipungue theluthi mbili za urefu wa samaki mkubwa unayemtarajia kwa haki, si kwa ndoto, na kina cha mfuko kisipungue nusu ya urefu wa samaki huyo. Kwa samaki wa sentimita 40 hadi 50, pete ya sentimita 40 hadi 45 inafanya kazi. Kwa wa sentimita 70, panda hadi 50 au 55.

Kina ndicho kinachosahaulika. Mfuko mfupi kama sahani ni mwepesi na unafaa samaki wadogo unaowatoa haraka, lakini samaki mwenye kilo mbili anajirusha kutoka ndani yake. Ukiona samaki wanatoka baada ya kuingia, usipanue pete, ongeza kina. Mifuko mingi hubadilishwa peke yake kwenye fremu ile ile.

Mpini umepinda au umekatika unapoinua

Watu husema "kaboni ya siku hizi ni dhaifu". Hebu tufanye hesabu. Umeshika mwisho wa mpini kwa mikono miwili, mkono hadi mkono ni sentimita 40. Kutoka mkono wa mbele hadi samaki ni mita 2. Samaki ana kilo 3. Ili umnyanyue hivyo, mkono wa nyuma unapaswa kusukuma chini kwa uzito wa kilo 15, na wa mbele kubeba kilo 18. Hapo hatujahesabu uzito wa pete wala wavu uliolowa. Mzigo wote huo unapita kwenye kiungio kimoja kilicho karibu na mkono wa mbele, na ndipo mipini inapokatikia.

Kwa hiyo usimnyanyue samaki kwa mpini. Samaki akishaingia, shusha fimbo, uvute mpini kuelekea nyuma mkono baada ya mkono, wavu ukiwa bado majini, hadi pete ikufikie. Kisha shika pete yenyewe kwa pande mbili na uinue wima. Ukingo ukiwa mrefu, inua mpini ukiwa umesimama wima kama ndoo ya kisimani, usiulaze.

Ikiwa unafanya hivyo na bado unapinda, basi tazama malighafi. Alumini nyembamba hupinda na kubaki imepinda, na ukiinyoosha imeshadhoofika pale pale. Faibaglasi hupinda sana na kurudi, ni nzito kidogo, na huvumilia kupigwa mawe. Kaboni ni ngumu na nyepesi, ila haisamehe kugongwa kwa ubavu: ufa mdogo uliopata juzi ulipoangusha mpini kwenye mwamba ndio utakaokatika leo. Pitisha kucha juu ya mpini kila baada ya safari. Mahali inapokwaruza ama pana mlio tofauti ukigonga, hapo pana ufa. Kwa anayetembea juu ya mawe ningependelea faibaglasi, au kaboni iliyochanganywa na faibaglasi, hata kama mizani inalalamika.

Kichwa kinazunguka, au kinakataa kuingia kwenye mpini

Kichwa na mpini vinavyouzwa mbalimbali huunganishwa kwa skrubu, na hapa kuna mtego. Kipimo kilichoenea sana kwenye vifaa vya uvuvi vya Uingereza na sehemu kubwa ya Ulaya ni inchi 3/8 cha BSF (kipimo cha Kiingereza cha skrubu zenye meno ya karibu karibu), chenye thredi, yaani meno, 20 kwa kila inchi. Kuna vifaa vya Marekani vya inchi 3/8 vyenye thredi 16 kwa inchi. Na kuna bolti ya milimita 10, ambayo kwa macho inafanana na zote mbili, kwani inchi 3/8 ni milimita 9.5. Ukivichanganya, kichwa kinaingia mizunguko miwili kisha kinagoma. Mwenye haraka anaongeza koleo, shaba inaliwa meno, na kuanzia siku hiyo kichwa kinazunguka bila kukaza.

Jaribu kwa vidole tu. Skrubu sahihi inaingia hadi mwisho bila kubishana. Ikigoma mapema, rudisha. Pia jaribu dukani kabla ya kulipa, ukibeba mpini wako.

Kama skrubu ni sahihi lakini pete inajigeuza samaki akiwa ndani, chanzo ni kwamba hakuna kitu cha kuibana. Weka pete nyembamba ya mpira kati ya kichwa na mpini. Inabana, na inakuruhusu kusimamisha kichwa kwa pembe unayotaka badala ya pale skrubu inapoishia. Tepu nyeupe ya mafundi bomba, mizunguko miwili mitatu, nayo inasaidia kwa muda.

Kwenye vichwa vya kukunjika, mchezo uko kwenye bawaba. Bonyeza kitufe mara kumi. Kikikwama hata mara moja kikiwa kikavu dukani, kikiwa na mchanga kitakwama daima. Na ushike pete uitikise kushoto na kulia: mchezo wa milimita moja kwenye bawaba unakuwa sentimita kadhaa kwenye ncha.

Vipande vya mpini vimegandana, au vinateleza

Magonjwa mawili, mdudu mmoja: mchanga. Usitumie koleo kwenye kaboni, unaiponda. Simamisha mpini ukauke kabisa kwa siku moja, kisha ugonge kitako chake taratibu juu ya ubao huku ukizungusha. Kama kuna wa kukusaidia, mmoja ashike kipande kinene, mwingine chembamba, kila mmoja akiwa na kipande cha mpira kiganjani, mzungushe bila kuvuta kwanza.

Ule wa kufunga kwa kuzungusha ukianza kuteleza, usiukaze zaidi. Chomoa vipande, osha kwa maji safi ile plagi ya ndani inayotanuka, kausha, rudisha. Utando wa matope juu yake unatosha kuifanya iteleze. Usipake grisi, itakusanya mchanga wote wa mto. Nta ya mshumaa, kidogo sana, na iwe tu kwenye mipini ambayo vipande vyake hukaza kwa kusukumizwa. Na unayevua karibu na mlango wa mto ambako maji yana chumvi, suuza kila mara: kaboni na alumini zikigusana ndani ya maji ya chumvi, alumini inaliwa, na kiungio kinaganda kwa unga mweupe usiofunguka.

Ndoana zimejisuka kwenye wavu

Samaki yuko ndani, ndoana ya pembe tatu imemshika mdomo kwa pembe moja na wavu kwa mbili, naye anajipindapinda. Kila anapojipinda, mdomo unachanika. Mchomoe samaki kwanza, wavu ukiwa bado majini, ndoana utaishughulikia baadaye. Uzi mmoja ukikataa, ukate. Uzi wa wavu ni rahisi kuliko mdomo wa samaki.

Chanzo ni ndoa mbaya kati ya ndoana na kitambaa. Nyuzi laini zilizofumwa kwa matundu madogo hukumbatia kila kinyundo cha ndoana, ule mwiba mdogo unaorudi nyuma karibu na ncha. Wavu wa naironi uliopakwa mpira huachia kwa urahisi, na ule wa mpira mtupu au silikoni huachia karibu wenyewe. Lakini mpira mtupu ni mzito, na uzito huo unaubeba kutwa nzima. Anayevua kwa ndoana moja moja haoni faida ya kuubeba. Anayevua kwa vyambo bandia vyenye ndoana za pembe tatu, abebe bila kunung'unika, au aminye vinyundo vya ndoana kwa koleo. Mimi nilichagua kuminya, na nimebaki na wavu wa kupakwa.

Kambare ni kisa peke yake. Miiba yake ya mapezi ya kifuani hujifunga ikiwa imesimama, na kwenye matundu ya kati inapenya na kukwama kama ufunguo. Ama matundu madogo sana yasiyopitisha mwiba, ama mpira mnene. Katikati ya hapo ni mateso kwenu wote.

Samaki anatoka amechubuka

Mapezi yamepasuka, magamba yamebaki wavuni, ute umesuguliwa. Ute ule ni ngozi yake ya kinga. Ukiondoka, kuvu na bakteria wana njia. Ukiwa unavua na kuachia, tazama kama wavu una mafundo. Fundo la naironi ngumu hukwaruza kama tupa ya kunolea. England imepiga marufuku nyavu za kuopolea zenye mafundo au za waya, na hata pasipo sheria, wavu wa aina hiyo unafaa kuachwa dukani. Ukiwa hauna mafundo na bado anachubuka, basi ulikuwa mkavu, ama ulimlaza juu ya changarawe. Mwache apumue ndani ya wavu, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, maji yapite kwenye matamvua.

Wavu unanuka, unaoza, unachakaa mapema

Nyuzi laini hunyonya ute na maji, na zikikunjwa mbichi ndani ya begi, kesho yake kila mtu nyumbani anajua ulikuwa wapi. Suuza, ning'iniza kivulini penye upepo. Jua kali linakausha haraka lakini mwaka baada ya mwaka linazikausha nyuzi za naironi hadi zikatike, na mpira hupasuka. Vuta uzi mmoja chini ya mfuko kwa vidole mwanzoni mwa kila msimu. Ukikatika kirahisi, badilisha mfuko kabla samaki hajakupimia. Dawa ya mbu yenye DEET nayo hulainisha baadhi ya plastiki, kwa hiyo futa viganja kabla ya kushika vifungio.

Kukauka kuna sababu nyingine kubwa kuliko harufu. Wavu mbichi hubeba mayai ya konokono, vipande vya magugu maji na vijidudu vya magonjwa, yakiwemo yale yanayoua kamba wa maji baridi, kutoka mto mmoja hadi mwingine. Anayevua kwa kutembea, mara nyingi asubuhi yuko mto huu na jioni yuko ule, ndiye msafirishaji mzuri kuliko wote. Mimi husubiri wavu ukauke kabisa, kisha nauacha saa 48 zaidi kabla ya kugusa maji mengine. Nikitaka mito miwili kwa siku moja, nabeba vichwa viwili vya wavu na mpini mmoja, kila kichwa na mfuko wake, na cha kwanza hakitoki begini hadi nifike nyumbani.